Tumbo la Sato

Mwaka 1949 serikali ya Tanganyika ilianza majaribio ya kufuga samaki katika sehemu mbili: Korogwe, mkoani Tanga, na Malya, ndani ya Usukuma, katika wilaya ambayo leo ni Kwimba. Samaki waliowekwa kwenye mabwawa hayo walikuwa perege na jamii yake. Wazo lilienea, na kufikia 1968 nchi ilikuwa na mabwawa yapatayo 8,000. Mengi hayakudumu. Mengine yalikaushwa na ukame, mengine yalichimbwa pasipofaa, na mengi zaidi yalikosa matunzo na utaalamu. Kwa watu wa Mwanza hasara hiyo haikuuma sana. Aliyetaka samaki alishuka mwaloni asubuhi akachagua. Kumchimbia samaki shimo, kumlisha na kumlinda ilionekana kazi ya watu waliokosa ziwa.

Miaka saba kabla ya Malya, mbali sana na Usukuma, mtafiti mmoja wa Kanada alikuwa amejaribu jambo ambalo lingekuja kuwahusu wafugaji wa Mwanza baada ya miongo minane. Jina lake David Duff, alifanya kazi British Columbia, na samaki wake walikuwa trauti, ambao walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa majipu unaosababishwa na bakteria. Duff aliwaotesha bakteria hao kwa wingi, akawaua kwa klorofomu, akawachanganya na chakula, akawalisha trauti kwa wiki nyingi. Kisha akawaambukiza ugonjwa wenyewe, pamoja na trauti wengine ambao hawakulishwa mchanganyiko huo. Waliokula bakteria wafu walikufa wachache kuliko wenzao. Matokeo yalichapishwa mwaka 1942 katika jarida la wanasayansi wa kinga.

Kwa hiyo chanjo ya samaki, katika mojawapo ya majaribio yake ya kwanza kabisa, ilipita mdomoni. Haikuwa sindano. Lakini dunia ilikuwa vitani, na baada ya vita zikaja dawa za viuavijasumu, ambazo zilitibu haraka na kwa bei nafuu. Nani angehangaika kumlisha samaki chanjo kwa miezi ikiwa kopo moja la dawa linamponya kwa siku chache? Wazo la Duff likawekwa kando. Chanjo ya kwanza ya samaki kupewa leseni ya biashara ilipatikana Marekani mwaka 1976, na hiyo samaki walichovywa ndani yake, hawakuila.

Ziwa Victoria, kwa upande wake, lilikuwa na misukosuko yake tangu kabla ya Duff, na hakuna hata mmoja uliohusu chanjo. Mwaka 1927 na 1928 mtaalamu wa uvuvi kutoka Uingereza, Michael Graham, alilizunguka ziwa akihesabu samaki na nyavu. Kitoweo kikuu cha mwambao mzima kilikuwa ngege, na Graham alikuta tayari wanapungua: nyavu za kisasa zilizoingia kwenye ghuba ya Kavirondo, upande wa Kenya, mwaka 1905 zilikuwa zikinasa ngege hamsini hadi mia moja kwa wavu mmoja, na alipofika yeye wavu huo huo ulitoa chini ya kumi. Ripoti yake ilionya pia kwamba kuleta samaki mkubwa mlaji wa wenzake kutoka maji mengine ni hatari kubwa bila utafiti wa kina. Onyo hilo halikusikika. Katika miaka ya 1950 sangara waliingizwa, na karibu wakati huo huo akaja sato, ambaye asili yake ni maji ya Mto Nile na maziwa ya magharibi mwa Uganda.

Kilichofuata kinajulikana kila nyumba ya pwani ya ziwa. Mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kazi Mwanza kuchunguza furu, wale samaki wadogo wa mamia ya spishi, ambao wakati huo ndio waliokuwa sehemu kubwa ya samaki wote wa tabaka la chini katika ghuba ya Mwanza. Kabla ya miaka kumi kupita, watafiti hao hao walikuwa wakivuta nyavu zisizo na furu katika maji ambayo walikuwa wamewahesabu kwa maelfu. Sangara walikuwa wamewala. Ngege naye akakaribia kutoweka ziwani, na nafasi yake ikachukuliwa na sato. Viwanda vya minofu vikajengwa Mwanza, na samaki akaanza kupanda ndege kwenda Ulaya.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Ulaya ilifunga mlango mara tatu mfululizo: mwaka 1997 kwa hofu ya salmonela, 1998 kwa hofu ya kipindupindu, na 1999 baada ya taarifa za watu kuvua kwa sumu. Viwanda vilisimama, vibarua wakarudi makwao, bei mwaloni ikaanguka. Funzo lililochukuliwa lilikuwa la usafi na vipimo, na leo maabara ya taifa ya ubora wa samaki iko Nyegezi, Mwanza. Naiheshimu sana kazi hiyo, kwa sababu iliokoa riziki za watu wengi. Lakini itazame kwa makini: kila swali lililoulizwa lilihusu afya ya mlaji. Je, minofu ina vijidudu? Ina sumu? Ina joto gani ikifika kiwandani? Afya ya samaki mwenyewe akiwa hai haikuwa swali la mtu yeyote, na kwa uvuvi wa porini hilo lilikuwa na mantiki. Samaki anayeugua ziwani huliwa na sangara au mwewe kabla mtu hajamwona.

Kizimba kinabadilisha hesabu hiyo yote.

Kizimba ni wavu ulioning'inizwa kwenye fremu ya mabomba au mapipa yanayoelea, ukiwa na nanga chini na kifuniko cha wavu juu kuzuia ndege. Ndani yake huwekwa vifaranga vya sato kwa maelfu, aghalabu madume watupu ili nguvu ziende kwenye nyama badala ya mayai. Uganda walitangulia, Kenya wakafuata kwa kasi hadi upande wao wa ziwa ukajaa vizimba kwa maelfu. Tanzania ilichelewa, kisha ikaingia kwa nguvu. Mwaka 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Mwanza kuzindua mikopo isiyo na riba ya boti na vizimba kwa vikundi vya wavuvi, vijana na akina mama. Sababu haihitaji kuelezwa kwa mtu wa Kayenze au Ukerewe: sangara wamepungua, doria zimeongezeka, na kijana hawezi kuishi kwa kusubiri dagaa wa mwezi mchanga.

Ukisimama kwenye kizimba saa ya kulisha utaona kinachoendelea humo. Mlishaji anatupa konzi ya punje zinazoelea, na maji yanachemka. Madume makubwa yanapanda juu kwanza, midomo wazi, yanagongana na kurushiana maji mpaka kwenye miguu ya mlishaji. Wadogo wanazunguka chini yao wakiokota zinazoponyoka. Na pembeni, karibu na wavu, kuna wachache ambao hawapandi kabisa. Rangi yao imekuwa nyeusi kidogo, wanaogelea polepole, punje inapita mbele ya macho yao na hawaigusi. Mfugaji mzoefu huwatazama hao kuliko wale wanaoruka. Samaki wa kizimba hana pa kukimbilia: anayeumwa anatema ugonjwa kwenye maji yale yale wanayovuta wenzake elfu kumi, na kizimba cha jirani kiko mwendo mfupi wa mtumbwi.

Kuna vifo visivyo na kidudu nyuma yake. Mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021 sangara wakubwa waliokotwa wafu kwenye fukwe za Uganda na Kenya, na maelezo yaliyotolewa ni upungufu wa oksijeni baada ya dhoruba kuyapindua maji. Dhidi ya hilo chanjo haisaidii kitu. Lakini Ghana waliona aina nyingine ya kifo. Mwishoni mwa 2018 wafugaji wa vizimba wa Ziwa Volta walianza kuokota sato wafu kwa tani, hadi zaidi ya tani kumi kwa siku katika maji hayo. Uchunguzi ukaonyesha virusi vinavyoshambulia bandama na figo, ambavyo kabla ya hapo havikuwahi kuripotiwa kuua sato wa Afrika kwa kiasi kile. Ziwa Volta lilikuwa mfano ambao wataalamu wa ufugaji wa Afrika nzima waliutaja kwa fahari. Ndani ya majuma machache baadhi ya wafugaji wake walikuwa wakifukia mavuno.

Na sisi? Israel tangu mwaka 2009 waliona sato na ndugu zake wakifa kwa wingi, mabwawani na katika Ziwa la Galilaya, na mwaka 2014 watafiti wao walivitambua virusi vipya vilivyohusika, vikapewa jina la virusi vya ziwa vya tilapia, yaani jamii ya sato. Mei 2017 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa tahadhari kwa dunia nzima. Mwaka uliofuata ukachapishwa utafiti ambao kila anayeweka kizimba Mwanza anapaswa kuusikia. Ulifanywa na Kizito Mugimba akishirikiana na wenzake wa Chuo Kikuu cha Makerere, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Chuo Kikuu cha Sayansi za Maisha cha Norwei na watafiti wa Israel. Walichukua sato wa kufugwa na wa porini kutoka upande wa Tanzania na wa Uganda wa Ziwa Victoria, wakapima viungo vyao, na katika baadhi yao wakakuta chembe za urithi za virusi hivyo. Samaki hao hawakuwa na dalili za ugonjwa. Hakukuwa na vifo vilivyohusishwa navyo.

Matokeo hayo yanaweza kusomwa kwa utulivu au kwa wasiwasi, na mimi nayasoma kwa yote mawili. Utulivu kwa sababu samaki na virusi vinaweza kukaa pamoja miaka mingi bila janga. Wasiwasi kwa sababu msongamano, joto, uchafu wa maji na safari ndefu za vifaranga ndani ya mifuko ya plastiki ni mambo yanayoweza kuvunja amani hiyo, na yote yanaongezeka kwenye ghuba zetu kila msimu.

Norwei walishapita njia hii na samoni. Mwaka 1987 wafugaji wao walitumia karibu tani 48 za viuavijasumu kupambana na bakteria, kwa uzalishaji mdogo ukilinganisha na wa leo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 zikaja chanjo za sindano zilizochanganywa na mafuta, ambazo huiweka dawa mwilini kwa muda mrefu. Matumizi ya viuavijasumu yalianguka hadi chini ya tani moja kabla ya muongo huo kuisha, huku samoni wakizidi kuongezeka. Sijui mfano mwingine wa ufugaji wowote, wa nchi kavu au wa majini, ambapo chanjo ilibadilisha mambo kwa kasi na kwa usafi namna hiyo. Ndiyo maana mtu husema kwa haraka: basi tuwachome sindano sato wetu.

Hesabu inakataa. Samoni mmoja huuzwa akiwa na kilo kadhaa, kwa bei ya soko la matajiri, na huchanjwa kwa mashine au na kikosi cha wachanjaji waliofunzwa. Sato huvunwa akiwa na robo tatu ya kilo au chini ya hapo. Ili umchome lazima umtoe majini akiwa na gramu ishirini au thelathini, umlaze usingizi kwenye beseni lenye dawa, na mafuta ya karafuu ni mojawapo ya dawa zinazotumika duniani kwa kazi hiyo, kisha umshike kiganjani, uingize sindano tumboni mbele kidogo ya tundu la haja bila kutoboa utumbo, umrudishe majini, umchukue wa pili. Kizimba kimoja cha kikundi cha akina mama kinaweza kuwa na samaki elfu kumi. Wale wanaokufa kwa kushikwashikwa watakula sehemu ya faida, na vidonda vya mikono ya wachanjaji vitaita magonjwa mengine. Makampuni makubwa yanaweza kulibeba hilo, na chanjo za sindano kwa sato dhidi ya bakteria wa streptokokasi zimeuzwa Asia na Amerika Kusini kwa miaka. Mwenye vizimba viwili Igombe hawezi.

Hapo ndipo wazo la Duff linarudi mezani. Samaki anakula kila siku. Chanjo ikiwa ndani ya punje, hakuna wa kushikwa, hakuna wa kulazwa usingizi, na yule yule mama anayelisha asubuhi ndiye anayechanja.

Swali la kwanza lilikuwa la kianatomia: je, utumbo wa samaki una uwezo wa kujifunza adui? Mamalia, binadamu akiwemo, wana vituo maalumu kwenye ukuta wa utumbo, mafundo ya seli za kinga yanayochungulia kila kinachopita. Samaki hawana mafundo hayo. Kwa muda mrefu hilo lilitosha kuwafanya wataalamu waudharau utumbo wake. Jibu lilianza kupatikana Wageningen, Uholanzi, ambako Jan Rombout na wenzake katika miaka ya 1980 waliwalisha samaki aina ya kapu protini zinazoweza kuonekana kwa hadubini, wakazifuata zilikokwenda. Sehemu ya nyuma ya utumbo, karibu na mwisho, ilizimeza zikiwa nzima. Seli za ukuta pale hazikuzivunja kuwa chakula kama zinavyofanya za mbele. Zilizipitisha ndani na kuzikabidhi kwa seli walaji zilizokuwa zikisubiri chini yake. Utumbo wa nyuma ulikuwa ukionja na kutoa taarifa.

Mwaka 2005 maabara mbili tofauti zilitangaza kuwa samaki wana aina ya kingamwili ambayo haikujulikana kabla, moja ikiikuta kwa trauti na nyingine kwa samaki mdogo wa maabara anayeitwa zebrafish. Ile ya trauti ikaitwa IgT. Miaka mitano baadaye kikundi cha Oriol Sunyer, Chuo Kikuu cha Pennsylvania, kilionyesha kazi yake. Walichunguza trauti walionusurika na kimelea cha utumbo na kukuta kwamba damu yao ilijibu kwa kingamwili ya kawaida ya samaki, lakini ute wa utumbo ulijibu kwa IgT. Mwili wa samaki, kumbe, una ulinzi wa aina mbili: mmoja wa ndani na mmoja wa mlangoni, kila mmoja na askari wake. Kwa chanjo hii ni habari kubwa. Sindano huamsha zaidi ulinzi wa ndani. Kinachopita mdomoni kinaweza kuamsha ule wa mlangoni, pale pale ambapo bakteria na virusi vingi huingilia.

Lakini ili kitu kifike utumbo wa nyuma, lazima kwanza kipite tumboni. Na tumbo la sato si tumbo la kawaida.

Habari za tumbo hilo hazikutoka Norwei wala Marekani. Zilitoka Uganda, kwenye Ziwa George, ziwa la kina kifupi chini ya milima ya Rwenzori, ambalo maji yake huwa ya kijani mwaka mzima kwa wingi wa mwani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 timu ya watafiti wa kimataifa ilipiga kambi pale kuchunguza jinsi ziwa la tropiki linavyolisha viumbe wake. Mmoja wao, D. J. W. Moriarty, alikuwa na fumbo: sato wa Ziwa George hula mwani wa bluu-kijani, na wataalamu wa wakati huo waliamini kwamba samaki hawezi kuumeng'enya. Anauramba tu, walisema, na unatoka kama ulivyoingia. Moriarty aliwavua sato saa tofauti za mchana na usiku, akawapasua, akapima uchachu wa matumbo yao. Alichokikuta, na kukichapisha mwaka 1973, ni tindikali kali ya kushangaza, inayofika pH 1.4. Tindikali hiyo ndiyo inayopasua kuta za mwani na kuachilia lishe iliyomo.

Kuna jambo jingine alilolieleza ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Tumbo la sato halina tindikali hiyo saa zote. Usiku, samaki asipokula, inatulia. Alfajiri anapoanza kula bado haijakolea, na chakula cha kwanza cha siku hupita kikiwa hakijavunjwa vizuri. Mwani wa mwanzo hutoka upande wa pili ukiwa bado kijani. Kadiri anavyoendelea kula ndivyo tindikali inavyopanda, mpaka mchana inakuwa kali kabisa. Sato ana saa ya tumbo.

Turudi kwenye chanjo. Chanjo ya kula ni protini za kidudu kilichouawa au kipande chake. Tindikali inayopasua kuta za mwani itazichanachana protini hizo kabla hazijauona utumbo wa nyuma, na hata zikipona, utumbo wa sato ni mrefu mara kadhaa kuliko mwili wake, wenye vimeng'enya njia nzima. Kipaji kilichomfanya sato atawale ziwa, uwezo wa kugeuza mwani kuwa nyama, ndicho kinachoiangamiza chanjo yake. Watafiti wa dunia wamejaribu kuifunga chanjo ndani ya vitu vinavyostahimili tindikali na kuyeyuka baadaye: gundi inayotolewa kwenye mwani wa baharini, chembe za maganda ya kamba, plastiki laini zinazooza mwilini. Baadhi zinafanya kazi vizuri maabara. Nyingi ni ghali kwa mfugaji wa samaki wa bei ya sato. Saa ya tumbo aliyoipima Moriarty, kwa maoni yangu, inastahili kupewa nafasi kwenye majaribio hayo. Ikiwa mlo wa kwanza wa alfajiri hukutana na tindikali changa, basi chanjo inapaswa kuwa kwenye mlo huo, si wa saa nane mchana. Punje ya kiwandani si mwani, na haitapita kwa namna ile ile. Ni jambo la kupimwa kwenye sato wa vizimba, na kipimo chake si cha gharama kubwa.

Mwaka 2015 watafiti watatu waliokuwa wakifanya kazi Norwei, Stephen Mutoloki, Hetron Munang'andu na Øystein Evensen, waliyakusanya yote yaliyojulikana kuhusu chanjo ya kula kwa samaki. Munang'andu alikuwa mtu wa mifugo na wanyamapori kabla ya samaki. Huko nyuma alichunguza magonjwa ya nyati wa Zambia. Yeye, Mutoloki na Evensen wako pia kwenye orodha ya waliovikuta virusi vya tilapia katika Ziwa Victoria, hivyo si watu wanaozungumzia maji ya mbali. Tathmini yao haikufichaficha. Chanjo za kula mara nyingi hutoa kinga ndogo au ya muda mfupi. Hakuna anayejua kwa uhakika ni kiasi gani cha dawa kimefika utumbo wa nyuma wa kila samaki. Na kuna hatari ya upande mwingine: utumbo wa kiumbe chochote hujifunza kukivumilia chakula, kwani usingevumilia ungekuwa vitani kila mlo, na ukilishwa kitu kidogo kidogo kila siku kwa muda mrefu unaweza kuamua kuwa hicho nacho ni chakula. Kwa kapu hilo limeonekana maabara. Kipimo kidogo mno kwa siku nyingi mno kinaweza kuilaza kinga badala ya kuiamsha.

Hapo wale samaki wa pembeni ya wavu wanarudi kwenye hesabu. Chanjo ikiwa ndani ya punje, dume kubwa linalopanda kwanza linapata kipimo cha watatu, yule wa chini anaokota kidogo, na dhaifu anayehitaji zaidi hapati chochote. Kwenye sindano kila samaki hupata sawa na mwenzake. Kwa mawazo yangu jibu la hili liko kwenye namna ya kulisha kuliko kwenye kemia: kuchanja vifaranga wakiwa bado kwenye matangi ya kitotoleshi, ambako wana ukubwa mmoja na wanakula pamoja, kabla hawajasafirishwa kwenda kizimbani, kusambaza punje kwa upana badala ya kuzimwaga sehemu moja, kurudia dozi baada ya majuma machache, kisha kuacha. Maji ya Mwanza yenye joto mwaka mzima yanasaidia, kwa sababu kinga ya samaki hujengeka haraka kwenye joto kuliko kwenye baridi ya Norwei.

Na Tanzania haianzi sifuri. Kila anayefuga kuku wa kienyeji anaijua chanjo ya kideri ya I-2, tone moja jichoni kwa kila kuku. Aina hiyo ilichaguliwa kwa sababu inastahimili joto la kijijini. Kilichosahaulika ni kwamba watafiti wetu waliwahi kujaribu kuiondoa kwenye tone na kuiweka kwenye chakula. Philemon Wambura wa Sokoine aliipaka chanjo hiyo kwenye mchele uliokwisha kupakwa mafuta, akawalisha kuku, na kazi hiyo ikachapishwa mwaka 2009. Mafuta kushikilia chanjo kwenye punje ndiyo mbinu ile ile inayotumika kwenye chakula cha samaki popote duniani: unanyunyiza, unakoroga, unaongeza mafuta kidogo ili isioshwe na maji kabla ya kufika mdomoni. Mkono uliokwisha kupaka mchele wa kuku unaweza kupaka punje za sato. Kibaha kuna taasisi inayozalisha chanjo za ng'ombe, mbuzi na kuku. Nyegezi kuna chuo cha uvuvi, na taasisi ya utafiti wa uvuvi ina kituo Mwanza. Sokoine na Makerere wana watu ambao tayari wameshika virusi vya Ziwa Victoria kwa mikono yao.

Kinachokosekana ni kuwaunganisha hao wote kwenye jaribio moja: vidudu vinavyotoka kwa sato wetu wagonjwa, si vya Israel au Thailand, matangi yaliyofungwa vizuri ya kuwachanja na kuwaambukiza vifaranga bila kuruhusu tone moja kurudi ziwani, na mtu wa kulipia mwaka wa kwanza, ambao hautatoa kitu cha kuuza. Ghana walianza kutafuta chanjo wakiwa tayari wanafukia samaki, na baadhi ya wafugaji walijaribu hata kuwapitisha vifaranga kwenye maji ya moto ili kuvidhoofisha virusi. Ziwa Victoria bado lina muda huo ambao Volta haikuupata. Vikundi vilivyokopeshwa vizimba vinalipa marejesho ya mkopo kutoka mavuno ya kila msimu, na msimu mmoja wa vifo vingi unatosha kumrudisha kijana wa Sengerema kwenye nyavu za makokoro usiku.